Cheti Nilichokiacha Ukumbini

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa kijana wa miaka 17 ulioanza kwa "Shikamoo dada" na kumalizika kwa hasira. Alikuwa ameshiriki shindano la hotuba lililoandaliwa na klabu ya huduma kwa jamii ya eneo lake, akashika nafasi ya tatu, na sasa anauliza kama kuna maana yoyote ya kuomba ufadhili wa masomo katika klabu hiyohiyo ilhali, kwa maneno yake, "washindi walikuwa wameshapangwa". Niliusoma ujumbe ule mara kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu ningeweza kuuandika mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake, na pengine kwa lugha kali zaidi.

Nianze na hizo klabu zenyewe, maana wengi wetu tulizijua kupitia mabango na fulana kabla ya kujua ni watu wa namna gani walio nyuma yake. Rotary ilianza Chicago mwezi Februari 1905, pale mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu, na jina lake lilitokana na mazoea yao ya kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Kiwanis ilianzia Detroit mwaka 1915, na Lions ikazaliwa mwaka 1917, tena Chicago. Moja ya kazi za mwanzo kabisa za wale wa Rotary ilikuwa kusaidia kupatikana kwa vyoo vya umma katika mji wao, na habari hiyo huikumbuka kila ninapomwona kijana anaiogopa klabu kana kwamba anakwenda mbele ya baraza la mawaziri. Wanachama ni watu wenye kazi zao, wanaolipa ada kutoka mfukoni na kukutana baada ya saa za kazi wakiwa wamechoka. Mimi nilichukua miaka mingi kulielewa jambo hilo, na kutolielewa kulinigharimu.

Nilikuwa na miaka 16 nilipoingia katika shindano la hotuba la klabu ambayo sitaitaja jina. Mada ilikuwa uaminifu. Niliikariri hotuba yangu kwa wiki tatu, nikaisema mbele ya kioo, mbele ya mama, na mbele ya wadogo zangu ambao mwishowe waliijua kuliko mimi. Fomu ya kushiriki ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza niliusoma vizuri, kwa kuwa ulikuwa na mada na zawadi. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba hotuba isizidi dakika 6, kwamba kengele ya kwanza ingelia dakika ya 5 na ya pili dakika ya 6, na kwamba anayevuka muda angepunguziwa alama. Ukurasa huo sikuugusa.

Kengele ya kwanza ilipolia nilidhani kuna mtu ameangusha kitu. Ya pili ilipolia nilinyamaza, nikamtazama mzee aliyeishika, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, kisha nikaamua kuirudia aya yangu ya mwisho tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo niliyoiona nzuri kuliko zote na sikutaka iharibiwe na kelele. Watu walipiga makofi sana. Makofi hayo ndiyo yaliyoniumiza baadaye, maana niliposikia nimekuwa wa tatu, na kwamba wawili tu ndio wanaoendelea hatua ya juu, sikupata maelezo mengine isipokuwa kwamba nimeonewa. Walipoanza kuita majina ya washiriki ili waje kuchukua vyeti na kupigwa picha, mimi nilikuwa nimeshatoka kwa mlango wa nyuma.

Miezi 14 baadaye nilihitaji ada ya chuo, na klabu pekee iliyokuwa ikitoa ufadhili karibu nasi ilikuwa ileile. Nilijaza fomu kwa aibu. Siku ya usaili niliwakuta watu watatu mezani, na aliyekaa katikati alikuwa yule mzee wa kengele. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, cheti chako bado kipo." Akafungua jalada na kukitoa. Kilikuwa kimeanza kujikunja pembeni, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mkono, tena kwa makosa, herufi moja ikiwa imeachwa. Mtu ambaye nilimhesabu kuwa adui yangu kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa amekitunza cheti cha msichana aliyemgeuzia mgongo.

Wewe unayesoma hapa, najua unachokitaka, kwa kuwa ndicho nilichokitaka mimi: unataka kusoma zaidi, unataka kusimama jukwaani, na unataka mtu mwenye uwezo akuone. Basi nikwambie kwamba shindano ni mahali ambapo klabu inakutazama kwa mara ya kwanza, na inakutazama hata baada ya matokeo kusomwa. Wanaokaa katika kamati ya mashindano mara nyingi ndio wanaokaa katika kamati ya ufadhili, au wanakunywa chai na wanaokaa humo. Mimi nilionekana vizuri kabisa siku ile, nikitoka kwa mlango wa nyuma.

Mwaka huo sikupata ufadhili. Mwenyekiti aliniahidi kwa mdomo kwamba mwaka unaofuata ningekuwa wa kwanza katika orodha, nami nikakaa nikingoja kama mtu aliyewekewa akiba benki. Sikujua kwamba klabu hizi hubadilisha viongozi kila mwaka. Rotary na Lions, kwa mfano, huanza mwaka wao wa kazi tarehe 1 Julai, na Kiwanis tarehe 1 Oktoba, na katika siku hiyo rais, katibu na kamati nyingi huwa mikononi mwa watu wengine, wenye bajeti yao na vipaumbele vyao. Niliporudi, mwenyekiti aliyeniahidi alikuwa mwanachama wa kawaida, na aliyemrithi hakuwa amewahi kusikia jina langu. Hakuna aliyenidanganya. Hata hivyo nililia njia nzima nikirudi nyumbani, na mpaka leo sipendi ahadi isiyoandikwa.

Ndiyo maana nawashauri vijana kuandika barua, hata pale walipokwisha kuzungumza ana kwa ana. Mpelekee katibu, ukitaja tarehe ya mazungumzo, jina la uliyezungumza naye na jambo mlilokubaliana, kisha ubaki na nakala. Uliza pia bajeti ya mwaka ujao inapangwa lini, kwa sababu ombi linalofika baada ya bajeti kupangwa hukuta fedha zimeshagawiwa, hata kama kila mtu mezani anakupenda. Na usichukie kuombwa risiti, matokeo ya mitihani na barua ya chuo. Katika Lions kuna kanuni kwamba fedha iliyochangwa na umma lazima irudi kwa umma, na gharama za kuendesha klabu hutoka katika ada za wanachama wenyewe, kwa hiyo mweka hazina anayekuuliza risiti naye anajua kwamba ataulizwa.

Mara ya pili niliomba kwa utaratibu huo, nikapata nusu ya ada, iliyolipwa moja kwa moja chuoni. Miaka ya chuo naipita, kwa kuwa ilikuwa ya kusoma na kulala njaa kidogo kama ya watu wengine. Lakini siku ya kukabidhiwa ufadhili siwezi kuipita. Tulipangwa mstari tukiwa tumeshika mfano wa hundi mkubwa kuliko meza, na mshereheshaji akanitambulisha kuwa ni "mtoto wa familia isiyojiweza kabisa". Mama yangu alikuwa safu ya mbele, amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, iliyonyooshwa tangu usiku uliotangulia. Niliona mikono yake ikikunja na kukunjua pindo la mtandio. Hakusema neno siku hiyo, wala hajasema hadi leo, na klabu ile, iliyonifanyia wema mkubwa, haikujua kamwe kwamba ilimvunjia heshima mtu aliyeuza cherehani yake ili nusu ya pili ya ada ipatikane.

Tangu hapo kila kijana anayenifuata kwa ushauri humwambia aandike utambulisho wake mwenyewe, sentensi tatu tu, na ampe katibu siku chache kabla ya hafla: anaitwa nani, anasoma nini, anakusudia kufanya nini. Washereheshaji wengi husoma chochote wanachokuta kwenye karatasi. Usipowapa karatasi, watatunga.

Sasa huu ni mwaka wa tatu mimi mwenyewe nikikaa upande wa waamuzi, katika klabu nyingine. Kila mmoja wetu hupewa karatasi yake ya alama, tunakaa mbalimbali, haturuhusiwi kushauriana, na mtunza muda hukusanya karatasi kabla hatujasimama. Sitakudanganya kwamba upendeleo haupo duniani. Nimewahi kuona mwamuzi akijitoa kwa sababu mpwa wake alikuwa mshiriki, na nimejiuliza ni wangapi wenye wapwa ambao hawakujitoa. Lakini kwa niliyoyaona, kwa kila kijana aliyeonewa wapo wengi waliojiondoa wenyewe kwa kutosoma kanuni, na hapo ndipo ninapopandisha sauti, kwa sababu inaniuma kuwatazama wakirudia kosa langu lilelile la ukurasa wa pili.

Chukua shindano la bango la amani ambalo Lions wameliendesha tangu mwaka 1988 kwa watoto wa miaka 11 hadi 13. Picha hairuhusiwi kuwa na herufi wala tarakimu, na mtoto hawezi kuituma mwenyewe; sharti klabu ya kwao iidhamini na kuipeleka. Mtoto anaweza kuchora kwa ustadi wa ajabu, kisha akaandika neno "amani" chini ya njiwa wake, na kwa neno hilo moja akawa ametoka. Au chukua mashindano ya hotuba ambayo klabu nyingi za Rotary huyajenga juu ya maswali manne aliyoyaandika Herbert J. Taylor mwaka 1932: je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki bora? Je, litawanufaisha wote wanaohusika? Kijana anayepanda jukwaani na hotuba tamu ya mazingira aliyoitumia shuleni, bila kuyagusa maswali hayo, asishangae alama zake zikiwa ndogo. Soma kanuni. Ukimaliza, mpe mtu mwingine azisome akuulize. Usiku wa kuamkia shindano zisome tena, hasa ukurasa wa pili.

Jambo jingine ambalo nalijutia ni kwamba sikuingia katika klabu za vijana mapema. Klabu za Leo, ambazo ni za vijana chini ya Lions, na zile za Interact na Rotaract, za vijana chini ya Rotary, zilizoanza miaka ya 1957, 1962 na 1968 kwa mfuatano huo, zipo kwa ajili ya watu wa umri wetu wa wakati ule, na Interact hupokea hata mwenye miaka 12. Humo unafagia, unapanga viti, unapokea wageni, na wakubwa wanakufahamu bila ya wewe kuomba kitu. Vijana wengi hunijibu kwamba hawana muda wa kupanga viti. Nami huwauliza, jamani, mnao muda wa kulalamika kwamba hamjulikani? Mnataka klabu iwaamini na ada ya mwaka mzima nanyi hamjataka kuiamini na Jumamosi moja. Tumezoea kuwatazama wanachama kama bomba la maji, tukigeuza koki na kukasirika yasipotoka, bila kukumbuka kwamba ni watu wenye kumbukumbu, wanaofurahi kushukuriwa na kuumia wakidharauliwa. Najua ninahubiri. Kwa aliyepita mlango wa nyuma, hubiri hili ni haki yangu.

Barua ya shukrani, kwa mfano. Niliiandika mwishoni mwa muhula wa kwanza, nikaambatanisha matokeo, nikaendelea hivyo kila muhula bila kuombwa. Mwaka wa pili hawakuniita kwenye usaili tena, malipo yaliendelea tu. Ushindi wangu wote ni huo, na hauna siri nyingine: kanuni, barua, na kurudi.

Kijana wangu nilimjibu kwa urefu, nikamwuliza swali moja tu: baada ya matokeo kusomwa, ulichukua cheti chako? Alikaa kimya siku mbili. Jana akaandika kwamba alikiacha, kwamba amempigia katibu simu, na kwamba atakwenda kukichukua pamoja na fomu ya ufadhili, lakini bado anaamini kuwa waamuzi walikosea. Nimemwambia aende hivyohivyo, maana hata mimi bado naamini hivyo kuhusu wa kwangu.