Kalamu ya marehemu baba imekaa kwa fundi miezi miwili: nimdai nini?

Swali: Papa Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Marehemu baba alikuwa karani wa kampuni ya madini ya Union Minière, akaniachia kalamu yake ya wino, Parker 51 ya kijivu yenye kifuniko cha chuma kisichong'aa. Nakumbuka aliijaza kwa kufungua mwili wake na kubonyeza kibao cha chuma kilichomo ndani, nami nimeitumia hivyo hivyo miaka mingi. Kiangazi cha mwaka huu kilipoanza, ikawa inaandika mistari miwili kisha inakata mpaka niitikise. Niliipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Aliitia mfukoni bila kunipa karatasi yoyote, akasema nirudi keshokutwa. Sasa ni mwezi wa pili naambiwa "njoo kesho, Papa". Juzi kaniambia mpira wa ndani umeoza, anataka dola 40, na kwamba ataing'arisha yote iwe kama mpya. Je, ni kweli mpira huoza? Na fundi anayejua kazi anapaswa kumhudumia mteja namna gani, ili nijue haki yangu ni ipi?

Jibu: Mwalimu, naanza na lililo la haraka. Mpigie simu huyo fundi leo umwambie asiing'arishe. Mengine tutayazungumza polepole, hilo haliwezi kungoja.

Kifuniko unachokieleza, Parker walikiita Lustraloy. Kilitoka kiwandani kikiwa na uso uliofifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na ni kwa makusudi. Kibanio chake kiling'arishwa. Kikipitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia, uso ule unaondoka kwa dakika mbili na haurudi tena. Utapewa kitu kinachometa kama kijiko kipya. Vifuniko vilivyovikwa dhahabu vinaumia zaidi, kwa sababu dhahabu yake ni tabaka jembamba: ukiisugua mara chache, shaba inaanza kuchungulia pembeni.

Sasa twende kwenye mpira. Parker 51 ilianza kuuzwa 1941. Zile za mwanzo zilijazwa kwa kubonyeza kitufe kilichofichwa kwenye kitako cha kalamu, na ndani yake mna utando wa mpira. Huo kweli huoza. Nimeshakuta mingine imegeuka kama lami, mingine inavunjika vipande kama jani kavu. Lakini kuanzia 1948 ukaja mtindo wa kibao ndani ya ala ya chuma, ndio ule aliokuwa akiutumia baba yako. Kifuko cha wino cha mtindo huo si mpira. Ni plastiki angavu, Parker waliiita Pli-Glass, na inadumu ajabu. Nimefungua kalamu za miaka ya 1950 nikakuta kifuko kimekuwa na rangi ya chai lakini bado laini, ukikibonyeza kinarudi.

Simwiti huyo fundi mwongo. Aliyezoea kalamu zenye kifuko cha mpira wa kweli, akikiona chako kimekuwa cheusi kwa wino mkavu, anaweza kudhani kimekwisha. Kosa lake ni kwamba hakukuonyesha. Jaribio lenyewe linataka glasi ya maji tu. Ncha ikiwa ndani ya maji unabonyeza kibao, viputo vinatoka. Unaachia, unahesabu polepole mpaka tano ili maji yapande. Unabonyeza tena, maji yanatoka yakiwa na rangi ya wino. Ukiyaona hayo yote kwa macho yako, kifuko ni kizima, na hizo dola 40 hazina kazi ya kufanya.

Basi ugonjwa uko wapi? Nadhani uko mbele. Chini ya lile ganda linaloficha ncha (plime, kama tunavyosema hapa kwetu) kuna kipande chenye mapezi membamba mengi, ukikiona utadhani ni matamvua ya samaki. Kazi yake ni kushika wino unaozidi, na kuacha hewa ipite kwenda nyuma. Wino haushuki kama hewa haipandi kuchukua nafasi yake. Mapezi yakizibwa na wino mkavu, kalamu inatumia ule mdogo uliokwisha kushuka, mistari miwili, halafu inanyamaza. Unaitikisa, unalazimisha tone lingine kushuka, inaandika tena kidogo. Na wewe mwenyewe umesema ilianza na kiangazi. Mwezi wa sita na wa saba hewa ya Lubumbashi ni kavu kabisa, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye saa iliyofungwa. Kalamu inayolala siku nyingi na wino ndani bila kuandika, wino huo unakauka palepale ulipo. Fikiria basi kalamu iliyolala miezi miwili kwenye droo ya fundi.

Dawa ni maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Isimamishe kichwa chini katika glasi, maji yafunike lile ganda la mbele tu, ilale usiku kucha. Asubuhi bonyeza na kuachia, badilisha maji, rudia mpaka yatoke meupe. Kazi inaweza kuchukua siku mbili au tatu, usikate tamaa. Ikiwa bado ni ngumu, sehemu moja ya amonia ya nyumbani kwa sehemu kumi za maji na tone la sabuni ya vyombo, kwa dakika chache tu, kisha maji matupu mara nyingi. Usitumie spiriti kabisa. Mwili wa 51 ni plastiki ya akriliki, na spiriti inaweza kuupasua nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna fundi wa kuziondoa. Na wino wa Kichina, ule wa wachora ramani, usiukaribishe hata siku moja. Una gundi ndani, ukikauka kwenye mapezi umekuwa saruji.

Nimerefusha habari ya maji kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako la pili. Matengenezo ya kalamu ni ya aina mbili: yale unayoweza kuyarudisha nyuma na yale usiyoweza. Kuosha, kupaka grisi ya silikoni kwenye nyuzi za skrubu, kusogeza ncha iliyokaa upande, hayo ukikosea unaanza upya. Kusugua, kung'arisha, kukata, kutia gundi kali, kuondoa jina lililochorwa mwilini, hayo ukikosea umekosea milele. Huduma njema kwa mteja naipima hapo. Fundi anaanza na yanayorudi, na kabla ya kugusa yasiyorudi anakuuliza, hata kama anajua jibu.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka iliyopita mama mmoja aliniletea kalamu nyeusi iliyovuja. Nilibadilisha kifuko, ikapona. Nikaona kitako chake kina vishimo vishimo, nikasema nimfanyie wema: nikavisugua mpaka kikawa laini kama kioo, wala sikumdai kitu kwa kazi hiyo. Alipokuja kuichukua hakutazama ncha. Alipitisha kidole gumba kwenye kitako, akarudia, akanitazama. Vile vishimo vilikuwa meno ya marehemu mume wake, aliyekuwa akiitafuna kalamu kila alipofikiri. Alinilipa, akasema asante, akaondoka. Tangu siku hiyo sisugui kitu kabla mwenyewe hajaniambia kwa kinywa chake kwamba nisugue.

Kwa hiyo kwangu kalamu haiingii mfukoni. Inakaa mezani juu ya kitambaa, mteja amekaa mbele yangu, nami nampa karatasi aandike jina lake na kuweka sahihi. Nataka kuona anavyoishika, anakandamiza kiasi gani, anaandika kwa mkono gani. Kisha naitazama ncha kwa lupe, kioo cha kukuzia, ya mara kumi, na mwenyewe nampa lupe atazame. Kwenye ncha ya kalamu ya zamani utaona upande mmoja umebonyea kidogo, uso mdogo ulio bapa, kama kisigino cha kiatu kilicholiwa upande. Ni mkono wa mwenye kalamu ulioula kwa miaka. Metali ya pale mwishoni ni ngumu kuliko dhahabu inayoibeba, lakini karatasi nayo inakula. Kwenye ya kwako, Mwalimu, uso huo huenda ni wa baba yako na wewe juu yake. Fundi akikwaruza tu "ili iwe laini", ameufuta. Anapaswa kukuuliza: unataka ifuate mkono wako wa leo, au ibaki ilivyo? Wengine hujibu hivi, wengine vile. Jibu ni la mwenye kalamu.

Baada ya hapo inaandikwa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aina ya kalamu na rangi yake, kifuniko cha namna gani, jina lililochorwa kama lipo, mkwaruzo wowote mkubwa, inajazwa vipi, inaumwa nini, mmekubaliana nini. Nakala mbili, sahihi mbili, na siku hizi picha ya simu pande zote. Karatasi hiyo inamlinda mteja asirudishiwe kifuniko kisicho chake. Inanilinda na mimi pia, siku mtu akija kusema ufa huo haukuwepo.

Bei itajwe kabla ya kazi, na itajwe kwa vipande: kuosha ni kiasi fulani, kipuri ni kiasi fulani, mkono wa fundi ni kiasi fulani. Iandikwe ni dola au falanga, na kama ni falanga, kwa dola ya siku gani, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Katikati ya kazi nikikuta tatizo jingine, nasimama, napiga simu. Na kipande cha zamani kilichotolewa ni mali ya mteja: anarudishiwa kwenye kibahasha, hata kama ni takataka. Fundi wako akibadilisha kifuko, mdai hicho cha zamani. Ukikishika vidoleni utajua mwenyewe kama kilikuwa kimeoza.

Habari ya "njoo kesho" inanisikitisha kuliko bei. Najua inakotoka. Hizi 51 za zamani ziliacha kutengenezwa miaka ya 1970, vipuri tunavitoa kwenye kalamu zilizokufa au tunamngojea mtu anayesafiri. Fundi anaona aibu kusema hana kipuri, anasema kesho. Lakini mteja anavumilia miezi mitatu akiambiwa ni miezi mitatu; asichoweza kuvumilia ni kesho ishirini. Na kama kipuri hakijafika, kalamu ya nini kukaa kwangu? Irudi kwa mwenyewe, ikiwa haijafunguliwa, nitampigia kikifika.

Kuna jambo moja la kumwuliza mapema fundi yeyote wa 51: ataifungua vipi? Lile ganda la mbele limefungwa kwa nyuzi za skrubu na gundi inayolegea kwa joto dogo, kisha linazungushwa kwa mkono. Akikwambia ataivuta ncha kwa koleo, au ataipasha kwa mshumaa, chukua kalamu yako uende. Kalamu nyingine za zamani ni za seluloidi, plastiki ya kale, na seluloidi hushika moto upesi kuliko karatasi.

Mteja naye ana wajibu wake. Sema ukweli wote: ilianguka, ilitiwa wino gani, mtoto aliifungua, kuna gundi ya dukani imepakwa mahali. Si aibu, na inaokoa siku nyingi.

Sasa nenda kwake kwa adabu, ukiwa na mtoto au jirani. Mwambie: "Fundi, nionyeshe kifuko kikishindwa kuvuta maji." Kikishindwa kweli, dola 40 mnaweza kuzungumza, ikiwa anakuonyesha kipuri chenyewe na anakuandikia karatasi. Kikivuta, mlipe kitu kidogo kwa muda wake na urudi na kalamu nyumbani. Kabla ya kutoka mlangoni, fungua mwili utazame kibao kipo, pitisha kidole kwenye kifuniko, soma jina.

Ioshe kama nilivyokueleza. Ikifika siku ya nne bado inakata baada ya mistari miwili, iko haja ya kufungua ganda, niletee. Njoo na wino unaotumia na daftari unaloandikia, maana nataka kuiona ikikata kwenye karatasi yako.