Bwawa langu halijawahi kupasuka, kwa nini liitwe la hatari kubwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina bwawa la udongo huku Mufindi, lenye tuta la kimo cha mita 6, ambalo marehemu baba alilijenga kwa ajili ya bustani na mifugo. Halijawahi kupasuka, na mikaratusi niliyoipanda juu ya tuta inalishika. Mtaalamu aliyelikagua ameliweka katika daraja la hatari kubwa. Je, maana yake ni bovu?

JIBU: La, hakusema hivyo. Daraja la hatari halipimi uimara wa tuta. Hupima madhara yatakayowafika walio bondeni endapo tuta litaachia. Bwawa jipya lililoshindiliwa vizuri huwa la hatari kubwa ikiwa chini yake kuna nyumba ambamo watu hulala, na lambo chakavu likawa la hatari ndogo kwa sababu maji yake yangeishia malishoni. Kwa hiyo, ikiwa watu wamejenga bondeni baada ya baba yako, daraja limepanda bila wewe kuligusa tuta. Udogo wake usikudanganye: hekta 1 ya maji yenye kina cha wastani wa mita 2 ni tani 20,000. Bwawa la udongo la shamba binafsi lililobomoka usiku huko Solai, Kenya, Mei 2018, liliua watu zaidi ya 40.

Ubovu ni swali jingine, na hapo mikaratusi yako inanitia wasiwasi. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha vijia vya maji. Kinacholinda tuta ni nyasi fupi. Hata hivyo, usiing'oe bwawa likiwa limejaa. Kagua kitako cha tuta: maji yanayochuruzika yakiwa masafi, yapime kwa ndoo kila wiki na uandike; yakitoka na tope, yanakula udongo wa ndani, hivyo waonye walio chini mara moja na umwite mhandisi. Maji yapunguzwe kwa kadiri atakavyoelekeza, maana kuyashusha ghafla huweza kuporomosha upande wa ndani uliolowa. Utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada bwawa likijaa, nao usiuinue kwa mifuko ya mchanga ili uhifadhi maji zaidi (kishawishi hicho nakijua, kiangazi kinapokaribia), kwa kuwa tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake.

Peleka taarifa ya ukaguzi Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, Iringa, kabla ya mvua za Novemba, na nakala ofisi ya kijiji, ili wengine wasigawiwe viwanja kwenye mkondo.