Chumba cha Meli ya Kitalii: Angalia Kilipo Kabla ya Kuangalia Aina Yake

Anayenunua safari ya meli ya kitalii huulizwa mapema sana anataka chumba cha aina gani, na majibu anayowekewa mbele yake kwa kawaida ni manne: chumba cha ndani kisicho na dirisha, chumba chenye dirisha, chumba chenye roshani, na chumba cha kifahari chenye sebule yake. Bei hupanda kwa mpangilio huohuo, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuamini kwamba utulivu na raha navyo hupanda pamoja na bei, hivyo kwamba hakuna la kufikiri zaidi ya kuhesabu fedha zilizopo. Nimelala katika aina tatu za mwanzo, na ya nne nimeiona kama mgeni tu. Maoni niliyobaki nayo ni kwamba mahali chumba kilipo ndani ya meli huamua usingizi na starehe ya msafiri kuliko aina yake, na kwamba chumba cha bei ndogo kilichokaa pazuri hukishinda cha bei kubwa kilichokaa vibaya.

Nitaanza na mwendo wa meli, kwa kuwa ndio unaowatesa watu wengi na ndio unaosemwa kidogo zaidi na wauzaji. Meli baharini huyumba ubavu kwa ubavu, na pia hupanda na kushuka omo (sehemu ya mbele) na tezi (sehemu ya nyuma) kadiri inavyoyakata mawimbi. Katika kuyumba, kadiri ulivyo juu ndivyo unavyopelekwa mbali zaidi kila upande. Katika kupanda na kushuka, sehemu ya katikati husogea kidogo ilhali ncha mbili hubeba mzigo wote. Meli za kisasa zina mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji ili kupunguza kuyumba, lakini mapezi hayo hayafui dafu mbele ya omo linalopanda na kushuka. Kwa hiyo chumba cha katikati ya meli, katika sitaha, yaani ghorofa za meli, za chini au za kati, ndicho kinachotulia kuliko vingine, kiwe na dirisha au kisiwe nalo. Katika meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024 ikiwa na urefu wa mita 365 na sitaha 20, abiria wa katikati na abiria wa omoni wanaweza kuamka na habari mbili tofauti kabisa kuhusu usiku mmoja. Jambo la kustaajabisha ni kwamba baadhi ya vyumba vinavyouzwa ghali huwekwa juu kabisa upande wa mbele, yaani palepale ambapo mrama husikika zaidi. Anayelewa bahari, yaani anayeshikwa na kichefuchefu cha mwendo wa meli, kwa urahisi, na wapo wanaolewa kabla meli haijamaliza kutoka bandarini, asikubali kushawishiwa na mandhari ya huko juu.

La pili ni kelele, na hapa msaada mkubwa wa msafiri ni ramani za sitaha, ambazo kampuni za meli huziweka wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Watu wengi huitazama ramani ya sitaha yao tu, wakahesabu hatua hadi kwenye lifti, wakaridhika. Ninachowashauri wanaoniuliza ni kufungua ramani tatu kwa pamoja, ya sitaha yao, ya iliyo juu na ya iliyo chini, kisha kutafuta kilichokaa sawasawa na kitanda chao. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea huonekana kizuri kwenye karatasi, lakini mabaharia huanza kuvipanga viti vya kujinyoosha kabla hakujapambazuka, na mburuto wa miguu ya viti hivyo hupenya darini kana kwamba mtu anahamisha samani chumbani mwako. Nimeusikia na sina hamu ya kuusikia tena. Chumba kilicho juu ya ukumbi wa tamthilia au wa dansi hupokea mdundo wa ngoma hadi saa za usiku wa manane. Chumba kilicho chini ya jiko husikia magurudumu ya matoroli. Sehemu za ramani zilizoachwa tupu, bila namba wala jina, mara nyingi ni maeneo ya wafanyakazi, na utupu huo wa karatasini haumaanishi ukimya. Utulivu wa kweli hupatikana kwa chumba kilichozungukwa na vyumba vya abiria wengine juu na chini, kwa maana wao nao wamelala.

Omoni katika sitaha za chini kuna mambo mawili zaidi: minyororo ya nanga, na mashine za kusukuma meli kwa ubavu inapokaribia gati. Kwa kuwa meli nyingi hufika bandarini alfajiri, mwenye chumba huko huamshwa na mngurumo uleule kila siku ya bandari. Tezini, karibu na mashine kuu, kuna mtetemo ambao wengine hauwasumbui kabisa na wengine huwanyima usingizi. Kuna pia vyumba vyenye mlango wa pembeni unaoungana na chumba jirani. Mlango huo hauzuii sauti kama ukuta unavyozuia, hivyo mtu asiye na familia upande wa pili afadhali avikwepe.

Sasa nirudi kwenye aina zenyewe. Chumba cha ndani kimesemwa vibaya kuliko kinavyostahili. Katika meli kubwa za kisasa mara nyingi huwa na ukubwa wa kati ya mita za mraba 13 na 17, ambao hautofautiani sana na ule wa chumba chenye dirisha kilicho jirani yake, na giza lake ni giza kamili, jambo ambalo anayependa kulala mchana au anayesumbuliwa na mwanga hulifurahia. Ubaya wa giza hilo ni kwamba mwili hupoteza hesabu ya saa. Dawa yake ni ndogo: meli nyingi zina idhaa ya televisheni inayoonyesha picha ya kamera ya mbele ya meli, na ukiiacha ikiwaka bila sauti utajua kwa kutupa jicho kama jua limechomoza. Kwa safari inayotia gati karibu kila siku, ambapo abiria hushuka asubuhi na kurudi jioni akiwa hoi, sioni sababu ya kulipia dirisha litakalotazamwa na kitanda kitupu. Tofauti ya bei huweza kulipia matembezi ya nchi kavu, ambayo ndiyo yaliyompeleka msafiri huko.

Hata hivyo kuna watu ambao sitawashauri chumba cha ndani kwa bei yoyote. Mwenye hofu ya mahali palipofungika ni mmoja wao. Mwingine ni yule asiyeweza kuvumilia wazo la kuzuiwa chumbani akiugua, kwa kuwa ugonjwa wa tumbo unapozuka melini wagonjwa hutakiwa kujitenga. Mwezi Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipowekwa karantini bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700, abiria waliamriwa kukaa vyumbani kwa takribani wiki mbili, na wale wa vyumba vya ndani walitegemea zamu fupi za kutoka chumbani kwenda sitahani ili wapate hewa. Tukio kama hilo ni nadra, nami nisingependa mtu ajenge uamuzi wake wote juu yake, ila kila mtu anaijua nafsi yake.

Chumba chenye dirisha ndicho ninachokiona kikipitwa na watu bila haki. Walio na fedha hukiruka na kwenda kwenye roshani, na wanaobana matumizi hukiacha na kuchukua cha ndani. Lakini vyumba hivi aghalabu vimewekwa katika sitaha za chini, karibu na maji, palepale penye utulivu nilipopaeleza, na vina jambo moja ambalo mwenye kulewa bahari hulihitaji: upeo wa macho. Jicho linapouona mstari wa bahari na anga, na sikio la ndani likahisi mwendo uleule, mgongano kati ya viungo hivyo viwili unaoleta kichefuchefu hupungua. Kabla ya kulipa, hakikisha dirisha halijazibwa na mashua za uokoaji. Kampuni huziandika taarifa hizo kwa herufi ndogo, na chumba chenye mandhari iliyozibwa huuzwa kwa bei nafuu. Anayetaka mwanga wa mchana tu, bila kujali anaona nini, atafaidika nacho.

Roshani ndiyo inayouza safari nyingi, na thamani yake hutegemea njia ya meli. Chumba cha namna hii huwa na mita za mraba kati ya 17 na 20 hivi, na roshani yenyewe huongeza kama nne au tano, zinazotosha viti viwili na meza ndogo. Katika bahari wazi yenye upepo mkali, roshani huweza kukaa bila mtu kwa siku nzima. Katika njia za pwani zenye mandhari, kama Alaska na Norwei, mambo hubadilika, kwa sababu huko kinachotazamwa hupita mbele yako saa zote, hata alfajiri ukiwa bado na nguo za kulalia. Upande nao una maana. Meli inayopanda kutoka Vancouver, Kanada, kuelekea Seward, Alaska, huwa na bara upande wake wa kulia, na inayoteremka huwa nalo kushoto. Ndani ya Glacier Bay, ghuba ya Alaska yenye mito ya barafu, manahodha kwa kawaida huigeuza meli mbele ya barafu ili pande zote zione, na katika fiodi (mkono wa bahari ulioingia kati ya milima) nyembamba kama Geiranger ya Norwei kuna milima kulia na kushoto, hivyo hakuna haja ya kuhangaika. Anayevuka Atlantiki kutoka Ulaya kwenda Marekani akitaka jua achukue upande wa kushoto, unaotazama kusini, na anayerudi achukue wa kulia.

Usidhani kwamba kila roshani hutazama bahari. Mwaka 1999 Voyager of the Seas ilileta vyumba ambavyo madirisha yake hutazama barabara ya maduka iliyo katikati ya meli, na mwaka 2009 Oasis of the Seas ikaja na roshani zinazotazama bustani yenye miti halisi na uwanja wa burudani ulio wazi juu. Roshani hizo hupendeza kwa anayependa kutazama watu, lakini hazina faragha ya kutosha, na anayezinunua akitarajia kusikia mawimbi atasikia muziki. Na kwa mvutaji sigara, roshani si kimbilio tena: kampuni nyingi zimepiga marufuku kuvutia huko. Mwezi Machi 2006 meli ya Star Princess iliungua karibu na Jamaika kwa moto ulioanzia kwenye roshani, abiria mmoja akafariki, na baada ya hapo kanuni za kimataifa zikataka roshani zilindwe dhidi ya moto kwa vifaa visivyoshika moto kirahisi na kwa mitambo ya kuuzima.

Kuhusu vyumba vya kifahari nina machache. Kinachonunuliwa pale, zaidi ya nafasi, ni huduma: foleni fupi, mkahawa wa pekee katika baadhi ya meli, na mhudumu anayejua jina lako. Ambaye hatazitumia huduma hizo analipia sebule.

Idadi ya wasafiri hugeuza hesabu yote, kwa sababu bei hutangazwa kwa kila mtu kwa sharti kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake huweza kutozwa karibu bei ya watu wawili, na ni vyema atafute meli zenye vyumba vya mtu mmoja. Norwegian Epic ilianza navyo mwaka 2010 ikiwa na 128, kila kimoja kikiwa na takribani mita za mraba 9, na wakaaji wake wote wakiwa na ukumbi wao wa pamoja. Familia ya watu wanne ilinganishe bei ya chumba kimoja chenye vitanda vya kukunjua na bei ya vyumba viwili vya ndani vilivyokabiliana, kwa kuwa vyumba viwili huja na vyoo viwili, na asubuhi ya bandari choo cha pili kina thamani kuliko roshani. Nikisafiri na mzazi anayetembea kwa mkongojo, huanza kwa kutafuta lifti kwenye ramani, kisha natafuta chumba kilicho karibu nayo lakini si mkabala wake, kwa sababu ya mazungumzo ya wanaosubiri. Mwenye kiti cha magurudumu aombe mapema chumba chenye milango mipana na bafu lisilo na kizingiti, maana ni vichache na huisha haraka.

Imebaki namna mbili za kununua ambazo huwachanganya watu. Moja ni kulipia aina ya chumba tu na kuiachia kampuni ichague namba. Bei hushuka, lakini pamoja nayo umeuza haki ya kuchagua mahali, na mahali ndipo nilipopasisitiza tangu mwanzo. Ninaipendekeza kwa mwenye usingizi mzito na tumbo imara. Nyingine ni ofa ya kupandishwa daraja, ambayo huja kwa barua pepe wiki chache kabla ya safari, ama kwa bei maalumu, ama kwa kutaja mwenyewe kiasi uko tayari kuongeza. Kabla ya kujibu, uliza kama utapewa namba ya chumba kipya sasa hivi. Ikiwa namba ipo, fungua tena zile ramani tatu; ikiwa haipo, na chumba ulicho nacho kimekaa katikati ya meli kati ya sitaha mbili za vyumba, mimi huwajibu kwamba nashukuru, nabaki nilipo.