Linki ipo, picha haionekani

Pole kwa usumbufu, dada. Unasema picha za madera yako ziko Google Drive, lakini ukibandika linki Facebook wateja wanaona maandishi matupu, na wakibonyeza wanaambiwa waombe ruhusa.

Picha ni nzima, tatizo ni ruhusa. Fungua Drive, nenda sehemu ya kushiriki, ruhusu yeyote mwenye linki aione. Kisha jaribu kwa simu ya mtu mwingine, maana yako inakutambua, itakufungulia kila mara.

Ila jua kwamba linki ile inampeleka mtu kwenye ukurasa, si kwenye picha yenyewe. Facebook huusoma ukurasa na kutafuta alama iitwayo og:image ndipo ijue ionyeshe picha gani. Kwa biashara, mimi ningepandisha picha moja kwa moja kwenye posti. Mteja anataka kuliona ua la dera na pindo lake papo hapo, bando lenyewe la kuungaunga. Linki ibaki ya albamu nzima, iweke kwenye komenti ya kwanza.

Na kama picha umeitoa kwa muuzaji wa jumla, muombe kwanza. Na kama linki uliyobandika ni ya kwake, akiifuta picha, linki yako imekufa.