Siumwi popote, nipimwe shingo ya kizazi kwa nini?

SWALI: Docta, mimi ni mama wa miaka 38, niko na watoto watano. Kwenye kituo cha afya walituambia wamama tuje tupimwe shingo ya kizazi kwa siki. Mimi siumwi. Dada yangu alipimwa maabara, wakamkuta na kirusi cha HPV, na sasa bwana yake anamuuliza alikitoa wapi. Naogopa yanikute hayo. Na binti yangu wa miaka 11, yeye afanyiwe nini? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mama, tuanze na la shemeji yako, maana hofu hiyo inawazuia wamama wengi kwenda kupimwa. HPV, kirusi kinachoweza kuleta kansa ya shingo ya kizazi, huambukizwa ngozi za sehemu za siri zinapogusana, na karibu kila mtu anayeanza tendo la ndoa hukipata wakati fulani. Kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa mume na kwa mke. Karatasi ya maabara haisemi kililetwa na nani, wala kama kilikuja mwaka jana au kabla ya arusi. Kumshitaki dada kwa karatasi hiyo ni kumwonea.

Kwa walio wengi, mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari ni kinapong'ang'ania, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazoleta takriban asilimia 70 ya kansa za shingo ya kizazi duniani. Hadi kufika kansa, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VIH (kirusi cha ukimwi) asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Muda huo wote mama hasikii kitu. Damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, maumivu ya kiuno: mara nyingi hayo huja kansa ikiwa imeshaota. Basi nenda sasa, ukiwa huumwi.

Chagua siku ambayo hauko kwenye hedhi. Siku mbili kabla, acha tendo la ndoa na usiweke dawa ukeni. Kujiosha ndani kwa limau, chumvi au majani hakuondoi HPV, kunachubua tu. Muuguzi atafungua uke kwa spekulamu, apake siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye shingo ya kizazi, angoje dakika nzima, kisha amulike kwa taa. Chembe zilizobadilika hugeuka nyeupe. Akiharakisha, doa linaweza kumpita. Siki hiyo inaonyesha tu, haitibu, kwa hiyo tafadhali usijipake nyumbani.

Doa jeupe si kansa moja kwa moja. Hata uvimbe wa kawaida wa maambukizi unaweza kuonekana mweupe. Likiwa dogo na linaonekana lote, mara nyingi huchomwa kwa joto siku hiyohiyo, chini ya dakika moja kwa kila mguso. Baadaye utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Ngoja wiki 4 bila tendo la ndoa. Homa, damu nyingi au harufu mbaya, rudi upesi. Uliyetibiwa, upimwe tena baada ya miezi 12. Uliyekutwa salama kwa siki, baada ya miaka 3. Dada naye asibaki na karatasi tu: shingo yake iangaliwe.

Wamama waliokoma hedhi, siki haiwafai sana, kwa sababu eneo linalotafutwa limejirudisha ndani. Waulizie kipimo cha HPV chenyewe. Sampuli mama anaweza kujichukulia kwa kijiti chenye pamba.

Kwa binti, ipo chanjo. Wakati wake bora ni miaka 9 hadi 14, kabla hajaanza tendo la ndoa, dozi moja au mbili. Haiharibu uzazi, ingawa watu husema hivyo. Ulizia kwenye zone yako ya afya kama inapatikana. Lakini inakinga tu, haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia, wala haizuii aina zote za HPV, kwa hiyo akifika miaka 30 naye atapimwa.