Hukumu Inaanzia Nyumbani mwa Mungu: Maswali Yenu Kuhusu Mmomonyoko wa Maadili

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanagusa jambo moja: Mkristo afanye nini anapoona maadili ya jamii yanaporomoka. Nimechagua haya, mengine nimeyafupisha.

Mtumishi, kila mahubiri ninayosikia yanasema dunia haijawahi kuharibika kama sasa. Ni kweli?

Mhubiri 7:10 anatukataza kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, kwa kuwa swali hilo halitoki katika hekima. Wakristo wa kwanza waliishi ndani ya dola ya Roma, ambako mtoto mchanga asiyetakiwa aliweza kutupwa nje afe, na umati ulijaa viwanjani kutazama binadamu wakiuana. Karne nyingi baadaye, watu waliobatizwa na kuheshimika makanisani walinunua na kuuza binadamu wenzao. Uovu wa leo haupungui uzito kwa sababu hiyo, ila tuache kuulilia ujana wetu tukidhani tunaililia haki ya Mungu.

Tuangalie pia tunahesabu dhambi zipi. Sodoma ikitajwa, wengi huwaza jambo moja tu. Nabii Ezekieli (16:49) anaanza na kiburi, shibe, raha, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Anayekemea mavazi ya vijana huku akichelewesha mshahara wa mfanyakazi wake wa ndani hajaisoma orodha hiyo.

Yesu alisema “msihukumu”. Nani amenipa mimi ruhusa ya kukemea?

Aliyesema hivyo ndiye aliyesema, mistari michache mbele, utoe kwanza boriti katika jicho lako, ndipo utaona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kibanzi bado kinatolewa. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 5, anawaachia Mungu walio nje na kuliagiza kanisa liwahukumu walio ndani. Hakukataza kuchangamana na wazinzi wa dunia hii, maana ingebidi tuihame dunia. Sisi tumeupindua mpango huo: tunawapazia sauti wasioamini na kumnyamazia mpendwa mwenye sadaka nono. Watu wanaona, na wakikataa kutusikiliza siwezi kuwalaumu.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kiongozi wetu amemwingilia binti wa miaka 15. Wenzangu wanataka tulimalize ndani kwa ndani, jina la Bwana lisitukanwe. Nishauri.

Nenda polisi leo. Mengine utayasoma ukirudi.

Huyo ni mtoto, na hilo ni kosa la jinai. Warumi 13 inasema mtawala hauchukui upanga bure, na hapa ndipo mahali pake. Kiongozi huyo asimamishwe huduma mara moja. Binti asiitwe mbele ya kikao cha wanaume kuhojiwa. Apelekwe hospitali mapema, akiwa na mwanamke mtu mzima anayemwamini. Wala msimwombe “asamehe” ili kesi iishe. Msamaha ni wake na Mungu wake, kwa wakati wake. Kama mtuhumiwa ametubu kweli, toba hiyo aifikishe na mbele ya hakimu.

Wasomee wenzako habari za kuhani Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, walilala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Eli hakuushiriki uchafu ule. Aliujua, akawaonya kwa maneno, akawaacha wakiendelea na ukuhani. Hukumu ya Mungu ikaishukia nyumba yake yote, na sababu imeandikwa katika 1 Samweli 3:13: hakuwazuia. Kuhusu jina la Bwana, nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi, aliyezini na mke wa Uria na kumuua Uria, kwamba tendo lake ndilo lililowapa adui nafasi ya kukufuru. Hakumwambia alifiche. Biblia imeliandika wazi, nasi tunalisoma hadi leo.

Tuiombe serikali itunge sheria kali, au tuhubiri Injili tu?

Sheria haiubadilishi moyo, lakini huuzuia mkono, na aliyekuwa anapigwa hupumua. William Wilberforce, mbunge Mkristo wa Uingereza, alianza kuishambulia biashara ya watumwa katika Bunge la Uingereza mwaka 1789. Muswada wake wa 1791 ulikataliwa. Sheria ya kuikomesha biashara hiyo ilipita mwaka 1807, na ile ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ikaja mwaka 1833, mwaka aliofariki. Ninachokipenda zaidi katika habari hiyo ni watu wasiojulikana: familia nyingi zilizoacha kula sukari iliyolimwa na watumwa. Walianza kulipa gharama mezani kwao wakati sheria ilikuwa bado mbali. Kabla ya kudai sheria dhidi ya dhambi ya jirani, tujiulize ni dhambi ipi ya jamii inayotunufaisha sisi.

Nimemkuta mwanangu wa miaka 13 na picha za ngono kwenye simu. Nimpokonye? (Baba)

Mpunguzie njia, ndiyo: simu isilale naye chumbani. Lakini zungumza naye bila kelele, kwa sababu mtoto aliyeaibishwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Rudia mazungumzo hayo mara nyingi, mkiwa nyumbani na mkiwa njiani, kama Kumbukumbu la Torati 6:7 inavyoagiza. Na simu yako wewe, baba, ikoje?

Mimi ni mhasibu. Bosi ananitaka nisaini hesabu ninazojua ni za uongo. Nikikataa nitafukuzwa, na nina watoto. Je, Mungu hataelewa?

Hofu yako anaielewa, dada yangu. Hesabu za uongo ni jambo jingine. Danieli, alipopangiwa chakula cha mfalme ambacho kingemtia unajisi, hakuanza kwa kugoma: aliomba kwa adabu apewe mboga na maji, akapendekeza ajaribiwe siku 10. Nawe kaa na bosi faraghani, mwambie zipi huwezi kusaini, mwonyeshe zipi unaweza. Weka kumbukumbu ya maandishi ya mazungumzo hayo. Huenda akakubali. Asipokubali, wale vijana watatu, wenzake Danieli, walioamriwa waisujudie sanamu ya mfalme au watupwe katika tanuru la moto, walisema Mungu aweza kuwaokoa, “bali kama si hivyo” hawataiabudu sanamu. Sikuahidi kwamba kazi itabaki. Anza kutafuta nyingine sasa.

Ila mzigo huu usiubebe peke yako. Tunawahubiria waumini wakatae rushwa, halafu mtu akifukuzwa kwa kutii tunamwekea mikono na kumuaga. Kanisa la Yerusalemu liliuza mashamba ili asiwepo mhitaji kati yao. Muone mchungaji wako kabla hujaenda kwa bosi, umuulize bila aibu: nikifukuzwa, kanisa litanisaidia kodi ya nyumba na ada kwa miezi mingapi? Nanyi wachungaji mnaosoma, wekeni jibu la swali hilo kwenye bajeti ya mwaka kabla hamjahubiri tena juu ya uaminifu kazini.