Maswali na Majibu: Kurekebisha Mikunjo kwenye Programu za Nodi

Natumia Blender (programu ya picha za 3D). Nikiinua katikati ya mkunjo kidogo tu, picha yote inapauka. Mbona programu za kawaida za picha hazifanyi hivyo?

Nodi (kisanduku kinachofanya kazi moja juu ya picha) ya RGB Curves, yaani ya mkunjo, husoma namba ya pikseli kwenye mhimili wa chini (X) na kutoa nyingine kwenye mhimili wa kusimama (Y). Haijui lolote zaidi ya hapo, hivyo chunguza kwanza namba zinazoingia. Nodi za Blender hupokea vipimo vya mwanga wenyewe, kabla havijageuzwa kwa ajili ya skrini. Kijivu cha kati, ambacho kwenye faili ya sRGB (namba zilizokwisha kugeuzwa kwa skrini, ambazo programu za kawaida hutumia) kipo karibu na 0.46, hapa kipo 0.18. Ukishika 0.5 umeshashika eneo angavu, na giza lote la kushoto linaburutwa nalo.

Kazi nyingi iko kwenye robo ya kushoto, ikuze uione. Bofya nukta kisha uiandikie namba, maana kipanya hakina usahihi huo. Tia nukta ya nanga, ya kushikilia kijivu cha kati, X 0.18, Y 0.18. Ongeza X 0.05, Y 0.035 kukoleza vivuli, na X 0.5, Y 0.55 kuchangamsha mwanga. Kama shida yako ni picha nzima kuwa na giza, achana na mkunjo: nodi ya Exposure ikiwekwa 1 huzidisha mwanga mara mbili, na uwiano wa rangi unabaki ulivyo.

Taa zangu zilikuwa na viwango tofauti. Baada ya mkunjo zote zimekuwa nyeupe moja.

Namba za taa hizo zilipita 1, na mchoro unaishia 1. Mwisho wa mkunjo ukiwekwa ulale, 3 na 8 zote hupewa jibu moja. Kwenye menyu ya mkunjo chagua uendelee kwa mteremko wake. Hata hivyo, kipande cha mwisho kikiwa kimekaribia kulala, taa zitabanwa vilevile.

Nimeinua weusi wa nembo yenye mandhari tupu (inayoonyesha kilicho nyuma yake), ukatokea mstatili wa kijivu kuizunguka.

Kosa hili huonekana sana, na wengi hulaumu nodi ya kuunganisha bure. Rangi za nembo zilikuja zikiwa zimezidishwa na alfa (namba ya kiasi ambacho pikseli inaziba kilicho nyuma yake), kwa hiyo pasipo na kitu rangi ni 0. Mkunjo umeifanya 0.05 huku alfa ikibaki 0, na wakati wa kuunganisha hiyo 0.05 inajumlishwa juu ya mandhari. Gawanya kwa alfa, pitisha mkunjo, kisha zidisha tena. Kwenye Blender ni Alpha Convert mbili, moja kabla na moja baada. Kwenye Nuke, programu nyingine ya nodi, ni Unpremult na Premult. Ukingo mchafu kwenye nywele hutokana na hilohilo.

Anga imejaa mistari kama ngazi.

Faili ya biti 8 ina viwango 256 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu). Ukitanua sehemu ya 0.4 hadi 0.6 ijaze mchoro mzima, umebaki na viwango kama 51 tu. Kubadilisha biti baadaye hakurudishi kilichopotea. Anza na faili ya biti 16.

Sehemu ya picha imegeuka kama negativu.

Mkunjo unashuka mahali fulani. Mara nyingi ni nukta mbili zilizosongamana, futa moja.